Mchi Ulioegemea Frigo

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa sindano wala koti jeupe. Nilipewa moto. Bwana Titulaire, ndivyo tunavyomwita muuguzi anayeongoza kituo cha afya, alinipokea kijijini Wamaza nikiwa bado na vumbi la njia hadi kwenye kope, akanipeleka moja kwa moja kwenye nyumba niliyopangiwa kulala. Pembeni mwa chumba cha mbele ilisimama frigo ya petroli, yaani jokofu la mafuta ya taa, nyeupe, yenye kutu miguuni. Alipiga goti akanionyesha tangi la mafuta chini yake, utambi, na mwali mdogo uliokuwa ukiwaka taratibu. Mwali huo ndio ulioleta baridi. Sikuelewa moto unaletaje baridi, na yeye hakuhangaika kunieleza.

"Uone hii rangi," aliniambia. "Kama iko bulu, lala. Kama iko njano, amuka. Kama imezimika, usinitafute miye, tafuta kwanza kiberiti."

Nilimwuliza kwa nini frigo isikae kituoni. Akanionyesha kwa kidole paa la nyasi la kituo, lililokuwa limetoboka, na mlango wake usiofunga. Nyumba ya muuguzi ilikuwa na kufuli. Basi chanjo za vijiji vyote vya upande ule zikawa zinalala chumbani kwangu, na mimi, bibi arusi wa majuzi, mwenye mimba ambayo hata mama yangu hakuwa ameambiwa, nikaanza maisha ya kulala sikio moja likiwa kwenye utambi.

Nyinyi vijana mnaoanza kazi leo mna frigo za jua. Mnafunga mlango mnakwenda zenu. Sisi tulilinda mnyororo wa baridi kwa macho na pua. Chanjo ya surua ikipata joto imekufa, na haikuambii kwamba imekufa. Utamchoma mtoto kwa maji matupu na mama yake atakushukuru. Ile ya pepopunda kinyume chake, inaogopa kuganda. Ukiwa na shaka, unatikisa chupa na kuisimamisha mezani. Ukiona vipande vinazama chini kama unga kwenye maji, unaitupa. Frigo lazima isimame sawa, hata kijiwe kidogo chini ya mguu mmoja kinaharibu mwali. Asubuhi na jioni unasoma kipimajoto. Mwali ukigeuka njano unatoa moshi, na moshi ule hukaa kwenye nywele na hata kwenye wali.

Majirani waliniambia nina bahati. Wanawake wenzangu walikwenda shambani wakaacha watoto, au walikaa na watoto wakaacha shamba, lakini mimi, walisema, ninafanya kazi na ninakaa nyumbani kwa wakati mmoja. Nilikuwa nikisikia hivyo naudhika. Ukweli ni kwamba kazi ilikuwa imehamia kwangu, ikachukua pembe iliyo bora, na mimi nikawa mgeni ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nikikaa kunyonyesha, jicho liko kwenye mwali. Nikiinama kukata utambi, mtoto analia. Sikuwahi kukaa kitako na kusema sasa niko nyumbani.

Mtoto mwenyewe alikuwa Riziki, binti yangu wa kwanza. Alipozaliwa mama yangu, Sakina, alikuja kutoka Kabambare. Katika ukoo wetu mama anayekuja kumtunza mzazi huja na mchi wake mwenyewe wa kutwangia, ameushika mkononi njia nzima ili kila mtu anayekutana naye ajue anakwenda wapi. Kinu atakikuta huko, lakini mchi ni wake. Akiutua ndani ya nyumba, ameanza kazi. Siku akiuokota, anaondoka, na hakuna ruhusa ya mtu mwingine kumwokotea wala kumkabidhi, maana hiyo itakuwa kumfukuza. Mama aliangalia chumba kile, akakosa pembe nyingine iliyo wazi, akauegemeza mchi kwenye frigo.

Alikuja kwa arobaini. Arobaini ikaisha, mchi ukabaki pale pale.

Hapo mtaniuliza mume alikuwa wapi. Mume wangu Amisi alikuwa mtu wa baiskeli. Alisukuma chumvi na sabuni kutoka Kasongo hadi Kabambare, akarudi na mafuta ya ngazi, yaani mawese, na karanga, mzigo umempita kichwa, naye akiinama nyuma ya tandiko milima yote ile. Alipokuja nyumbani Riziki alimkimbia. Alikuwa akinunua biskuti ili mtoto wake amkubali, kisha kabla hawajazoeana anapanga mzigo tena. Watu walinijadili mimi kila siku, nifanye kazi au nikae na mtoto, mashangazi walikuja na maoni yao mpaka kutoka Kasongo. Amisi hakuna aliyemjadili. Ilionekana njia imezaliwa naye.

Kazi yangu nusu ilikuwa kituoni na nusu ilikuwa njiani. Tuliita stratejia avanse, yaani kuwafuata watoto vijijini badala ya kuwangoja. Unabeba sanduku la chanjo begani, pakiti za barafu zimeshafunga kuta zake nne, na tangu unapofunga kifuniko barafu inaanza kuyeyuka na wewe unashindana nayo. Ukifika, unaning'iniza mizani kwenye boriti, unawapima watoto wakining'inia na kulia, unachoma, unadondosha matone mdomoni, unaandika, unahama. Mara nyingi nililala huko. Mama alibaki na Riziki mgongoni na mwali mbele yake. Nilimfundisha rangi za mwali na kukata utambi, akajua, kama mimi nilivyofundishwa.

Siku moja alikuja Daktari Mkuu wa Zone, yaani wilaya yetu ya afya, kwa usimamizi. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, mkali wa macho. Alikagua kituo, akapita nyumbani kuona frigo, akaukuta mchi umeiegemea. Uso ukambadilika. Kitu chochote hakiruhusiwi kuegemea frigo, alisema, hata kalamu. Nikataka kuuondoa, nikakumbuka kwamba sina ruhusa ya kuugusa, nikabaki nimesimama mkono hewani kama mjinga. Daktari akamwangalia mama aliyekuwa anambembeleza Riziki, akaniangalia mimi, akafikiri ameelewa.

"Madamu, hapa si maternite ya kuzalia," akasema. "Inapashwa uchagule. Ao mutoto, ao kazi."

Mama hakuwa mtu wa kuwajibu wakubwa. Nilikuwa sijawahi kumsikia akimjibu hata chifu. Lakini alimhamisha Riziki bega hadi bega, akasema taratibu tu.

"Dokta, mulikamata mutu moya ku kazi, wakakuya wawili. Huyu akienda na sanduku, miye niko nabakia na moto na mutoto. Miye nikienda, yeye haendi fasi yoyote. Sasa achagule nini?"

Daktari alirudisha macho kwenye mchi. Nilitamani kumwuliza watoto wake mwenyewe wanakaa na nani huko Kabambare, nikajizuia. Mwishowe alisema mchi uhamishwe ukutani, na akaenda zake. Mama aliuhamisha mwenyewe, kwa kuuburuta, bila kuunyanyua, kusudi usihesabiwe kuwa umeokotwa. Tulicheka mpaka tukalia. Sisi wawili tulikuwa na hofu moja na tuliificha katika kicheko hicho.

Maana kule Kabambare alikuwapo baba yangu, peke yake, na shamba la karanga ambalo mama alikuwa ameliacha likiwa limepaliliwa vizuri. Alikuwa akiniambia kuhusu shamba lile wakati anamwogesha Riziki, mstari kwa mstari, wapi ardhi ni nyekundu, wapi panya hupita. Nilimwambia arudi. Alisema atarudi mtoto akikaa. Mtoto akakaa, mama akasema akitambaa. Akatambaa, ikawa hatari kumwacha karibu na mwali.

Surua iliingia upande wetu msimu wa kiangazi. Mnaoifahamu kwenye vitabu tu hamuijui. Nilikuwa nimeshafunga sanduku, barafu imeanza mbio zake, ndipo mtu mwingine wa baiskeli alipotua mlangoni kutoka Kabambare na kusema baba ameanguka, hasimami, anamwita mama. Mama alikwenda ukutani akauokota mchi. Amisi alikuwa mbali na chumvi yake. Nilimwambia mama aende. Nilimwambia nitaongea na Titulaire, vijiji vitangoja.

"Vitangoja surua?" akaniuliza.

Nikasema nitambeba Riziki. Alimtazama Riziki, ambaye alikuwa na mafua. Akatazama sanduku begani kwangu. Akatazama mwali. Sikumshika mkono, sikumsihi, hakuna mtu aliyesimama mlangoni kumzuia. Aliuweka mchi chini.

"Nitaenda ukirudia," alisema.

Niliporudi aliondoka asubuhi hiyo hiyo, akakuta wamekwisha kumzika.

Nimeeleza hayo kwa maneno machache kwa sababu sina mengine. Watoto wengi wa vijiji vile ni baba na mama za watu leo, nakutana nao sokoni wananisalimu, na ninafurahi, ninafurahi kweli. Halafu nageuka na furaha imeshaniponyoka. Mpaka leo sijui kama mama alichagua. Ukiangalia kwa macho, alichagua: mchi ulikuwa mkononi mwake. Lakini kila mara ninapojaribu kulifunga jambo hili na kulala, linafunguka.

Mama alipokuwa katika matanga, Amisi alirudi, akakuta nyumba haina mtu wa kubaki na mtoto. Akaiegemeza baiskeli ukutani, pale pale mchi ulipokuwa, akakaa. Aliangalia mwali, akapika uji, akambeba Riziki mgongoni kwa kitenge changu. Ndani ya nyumba tu. Akitaka kuvuka uwanja kwenda kuchota maji, alimfungua kwanza, akamshika mkononi kama mtu aliyeokota mtoto wa jirani. Ndugu zake walikuja kutoka Kasongo kuuliza ni mgonjwa wa nini. Mmoja alininong'oneza kwamba nimemlisha dawa, na akataka kujua nilichanganya kwenye mboga gani. Nilimwambia kwenye sombe, yaani kisamvu. Amisi alicheka pamoja nao, lakini niliona shingo yake imekuwa ngumu.

Riziki alimzoea. Akaacha kumkimbia, akawa analia akitoka. Kisha mama alirudi kutoka Kabambare, bila mimi kumwita, mchi mkononi. Alisema kule hakuna tena wa kumpikia. Amisi alijaza upepo kwenye magurudumu siku hiyo hiyo.

Baadaye nilihamishwa Kabambare, kwenye ofisi kuu ya zone, nikawa msimamizi wa mnyororo wa baridi wa vituo vyote. Nilikwenda na mama, na Riziki, na wengine wawili waliomfuata. Shamba la karanga lilikuwa limeingiwa na majani. Mama alikwenda kulitazama mara moja, akarudi, akaanza kutwanga. Alifia mikononi mwangu pale Kabambare, mchi wake ukiwa nyumbani kwangu. Mkubwa wangu wa wakati huo, Msimamizi wa Chanjo, mtu mzuri, alinipa ruhusa ya kuzika akaniuliza kwa upole mama yangu alikuwa anafanya kazi gani. Nikamjibu ya frigo. Alifikiri huzuni imenivuruga.

Kasongo ndiko nilikomalizia, katika bohari ya chanjo ya hospitali, mpaka siku waliponiagizia soda na kunipigia makofi. Nimestaafu. Nina shamba la mpunga bondeni, kuelekea mto Lualaba, la kwangu mwenyewe, la kwanza maishani. Mwaka huu mpunga umebeba vizuri. Amisi mguu mmoja umekataa baiskeli, anakaa barazani akisalimiana na mtaa mzima. Nilifikiri nitapumzika. Kumbe mwili ulioangalia mwali miaka yote hiyo haujui kukaa. Ninaamka, ninazunguka nyumba, ninashika mlango, ninasahau nilikuwa ninatafuta nini.

Na hapo ndipo Riziki alipoingia na mtoto wake anayenyonya, Salumu, na karatasi ya kupangiwa kazi. Amesoma uuguzi kama mimi. Wamempangia Wamaza, kituo kile kile, sasa kina bati. Mume wake ni mwalimu wa shule hapa Kasongo, hawezi kuacha darasa, naye amemwambia achague mwenyewe, hatamzuia. Wakwe wamemwambia achague. Daktari wa zone amemwambia achague, ila ajibu upesi, kuna wengine wanaingoja nafasi hiyo. Wote wamempa ruhusa na hakuna aliyempa mikono.

Hakuniomba. Alikaa, akamnyonyesha Salumu, akaangalia mchi wa mama yangu uliosimama nyuma ya mlango wa jikoni.

"Mama, weye ulichagula?" akaniuliza.

Nikamweleza yote niliyowaeleza nyinyi hapa. Habari ya babu yake hakuwa ameisikia kamwe, tulimwambia tu kwamba alikufa kiangazi. Nilipofika mahali ambapo mchi unawekwa chini alifunika uso. Kisha akasema basi, haendi Wamaza, atakaa na mtoto.

Nilikasirika. Nilisimama. Nilimwambia asithubutu kumtwika mama yangu kukaa kwake, kwamba mama hakuuweka chini mchi ule ili mjukuu wake aje kuogopa njia. Lakini wakati naongea nilikuwa nasikia jinsi maneno yangu yanavyokwenda: nikimkataza kukaa, lazima nimwambie nani atambeba Salumu, na kila mtu mle ndani alimjua ni nani. Niliuona mpunga wangu. Ndege wa mpunga hawangoji. Ukiliacha shamba wakati huu unarudi kuvuna makapi. Nilijua nitauokota mchi, na nilijua kwamba nikiulizwa nitasema nimependa mwenyewe.

Amisi alikuwa barazani. Tulimsahau, kama kawaida. Aliingia akivuta mguu wake.

"Tangu asubui muko munahesabu mikono," alisema. "Yangu hamuihesabu. Miye niko nani hapa?"

Riziki alimwambia baba, mguu wako. Akajibu kwamba mtoto habebwi kwa mguu. Nikamwambia hiyo si kazi ya kukaa barazani. Akajibu kwamba aliwahi kuifanya, na angaliendelea nayo, kama siku zile asingaliogopa macho ya ndugu zake. Sasa ndugu wengine wamekufa na waliobaki hawaoni vizuri. Alipita katikati yetu, akafika nyuma ya mlango wa jikoni, akanitazama kwanza. Nilitingisha kichwa kukubali. Akauokota mchi wa mama yangu.

Siku ya safari pikipiki haikuletwa mpaka mlangoni. Amisi alikataa. Alisema mchi unabebwa mkononi ili watu waone, basi waone. Alipita mtaa mzima kwa miguu, Salumu mgongoni ndani ya kitenge changu, mchi mkononi, Riziki nyuma yake na sanduku la nguo. Vijana wa teksi za pikipiki walipiga kelele. Mke wa muuza sabuni alitoka na mwiko mkononi akasahau kufunga mdomo. Mzee mwenzake mmoja wa msikitini alimwuliza anakwenda wapi na kitu kile. Amisi akamjibu kwamba anakwenda kazini.

Sasa mimi niko nyumbani. Ninasema hivi nyinyi mnaoanza mnisikie vizuri, kwa sababu mtaambiwa mchague na mtafikiri swali ni lenu peke yenu. Mimi wakati wangu sikuchagua kitu; alikuwapo mtu aliyenishikilia nyumba nyuma yangu, na nyuma yake hakukuwa na mtu. Mwaka huu, katika uzee huu, ndiyo mara yangu ya kwanza kuchagua. Nimechagua mpunga. Ninakwenda bondeni alfajiri, ninapiga debe, ninarusha udongo, ndege wanaruka wanatua upande wa pili. Na bado sina raha. Nikisimama kidogo, mikono inanitafutia kazi nyingine.

Juzi simu iliita nikiwa shambani. Alikuwa Amisi. Mtandao wa Wamaza unakatika, nikamsikia vipande vipande. Alisema Riziki ametoka na sanduku kwenda vijijini. Alisema wanawake wanakuja kumtazama anavyotwanga na wanamfundisha kwa kumcheka. Salumu ameota jino.

"Hii kazi haina fasi ya kukala," akasema. "Mama yako, miaka yote ile. Tulimuuliza hata mara moya kama amechoka?"

Nilisimama na simu sikioni na debe mkononi. Ndege walitua kwenye mpunga wangu, wengi, na sikuwafukuza.